Fundi Aliyeacha Kutia Mipini

Fundi hakuwa na shoka lake mwenyewe. Mtu aliyefufua mashoka ya nusu ya mtaa wetu wa Mabawa, hapa Tanga, na mengine ya watu wa mtaa wa Chumbageni waliokuwa wakija kwetu kwa kujishusha, alipotaka kupasua kuni alikuja kuazima kwangu. Alipiga hodi mara tatu, akasimama upande wa mlango, akasema, "Mama Yohana, nipe kile kishoka chako kibovu." Kishoka chenyewe alikitengeneza yeye. Nikimkumbusha, aliniambia kwamba ndiyo maana anajua kuwa ni kibovu.

Nyumba zetu ziligusana ukuta. Alikaa na dada yake, mjane kama nilivyokuja kuwa mimi, na hata huyo dada alimwita Fundi. Jina lake la kuzaliwa sikuwahi kulisikia, na sikuuliza. Alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu wa sala tano, nasi ni Wakristo tulioteremka kutoka milimani kufuata kazi za mkonge. Tulipeana chumvi na moto, na ugomvi mdogo mdogo wa kuku.

Nitasema mapema jambo ambalo mwingine angeliweka mpaka mwisho. Mume wangu aliuawa na shoka ambalo mpini wake ulitiwa na Fundi. Alikuwa akifyeka msitu kwa ajili ya shamba jipya la mkonge. Alipoliinua shoka juu, kichwa kikachomoka kwenye mpini, kikamshukia shingoni. Watu walisema ni mpini wa Fundi. Fundi mwenyewe alisema hivyo hivyo. Mimi nilijua kwamba sivyo, nikanyamaza miaka saba. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba namweleza Fundi kwa sababu mimi ni mwema.

Kazi yake haikuwa kufua vyuma. Wahunzi walikuwepo, naye aliwadharau. Kazi yake ilikuwa kutafuta zana za zamani zilizotupwa, mashoka, matezo ya kuchongea, randa, patasi, keke za kutobolea mbao, na kuzirudisha kazini. Alikwenda kwa miguu au kwa kudandia lori mpaka kwenye mashamba ya upande wa Muheza, yale yaliyofunguliwa zama za Mjerumani, akapekua maghala yaliyoanguka paa. Hakuwauliza watu kama wana shoka la kuuza. Aliwauliza, "Mna chuma gani humu ndani kinachokukereni?" Nao walimletea kitu kinachozuia mlango, kitu cha kufulia nazi, kitu kilichofungwa kwenye kamba ya kisima ili ndoo izame. Mara moja alirudi na randa nzito ambayo mwenyewe alikuwa akizuilia mlango wa banda la kuku. Kabla ya kuichukua, Fundi alitafuta jiwe la uzito ule ule, akaliweka pale mlangoni. Alifanya hivyo kila alipokwenda. Sijui ni mawe mangapi aliyoyaacha katika nyumba za Bonde, na wenyewe labda wameshasahau yalikotoka.

Hakujua kusoma, lakini alama zilizopigwa kwenye chuma alizisoma kwa kidole. Alifumba macho, akapapasa, akasema hili la Mjerumani, hili la Mwingereza, hili la mwongo. La mwongo maana yake lilikuwa na alama nzuri na chuma kibaya. Mimi nilisoma kidogo shule ya misheni, na siku moja alinipa shoka nimsomee herufi. Nilipomsomea alikataa. Alisema herufi haziwezi kusema hivyo, kwa sababu chuma hakisemi hivyo. Tukabishana mpaka wali wangu ukaungua.

Uani kwao kulinuka ukwaju. Alikuwa na nusu ya pipa iliyojaa maji ya ukwaju, na humo vyuma vililala siku tatu mpaka kutu ikalegea. Halafu alivisugua kwa makumbi ya nazi na mchanga, akavipaka mafuta ya nazi, akavianika kwenye mkeka kama mtu anayeanika dagaa. Dada yake alilalamika kila wiki. "Ukwaju wote unanywewa na mashoka," alisema, "na mimi samaki nawachemsha kwa maji matupu. Siku moja na mimi nitaota kutu, labda nitahudumiwa." Fundi alimjibu kwamba hana haja ya kungoja, ameshaota.

Na dada alikuwa na sababu. Katika nyumba ile hakikuwepo kitu kizima. Mlango ulifungwa kwa kamba, kisu cha jikoni hakikukata hata nyanya, kitanda cha Fundi kilikuwa na mguu wa matofali. Nilimwuliza mara moja kwa nini hanoi kisu cha dada yake. Akafikiri sana, kisha akasema, "Hajakileta." Dada alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake.

Akitaka kulipima shoka, alilining'iniza kwa uzi, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. Kama chuma kina ufa, alisema, sauti hukatika katikati. Mara nyingi nilimwona ukutani pale, kichwa kimeinama, akisikiliza shoka huku watu wanamsalimu na yeye haitikii. Wageni walidhani ana kiburi. Alikuwa na kiburi kweli, lakini hicho kilikuwa kingine.

Kiburi chenyewe kilikuwa kwamba hakukosea. Fundi hakuwahi kukubali kosa, si la kazi, si la mdomo. Seremala mmoja wa Chumbageni alirudisha randa akilalamika kwamba inachana mbao. Fundi aliitazama, na hata mimi kutoka kwangu niliona kwamba ameutia wembe wake juu chini. Akamwambia seremala kwamba mbao zake ndizo zilizopasuliwa juu chini. Walizozana siku mbili. Siku ya tatu Fundi alikwenda kwa seremala asubuhi, akaugeuza wembe mwenyewe, akapiga randa ubao mmoja, ukatoka laini, akasema, "Unaona? Leo umenunua mbao nzuri." Akaondoka. Seremala alikuja kunisimulia kwangu huku akicheka, na machozi yanamtoka kwa hasira.

Kuna mambo mawili ambayo Fundi hakuyasamehe. La kwanza ni moto. Mpini ukivunjika, kipande kikabaki ndani ya tundu la shoka, sisi wanawake tulikuwa na dawa yetu: unatia kichwa cha shoka kwenye mafiga, kipande kinaungua, tundu linabaki safi, na ugali umeiva papo hapo. Fundi akiona shoka lililopitia mafigani alisikitika waziwazi. Moto hulainisha makali, na baada ya hapo unanoa bure, linakata asubuhi na mchana ni butu. Aliyaweka mashoka hayo kando, akayaita maiti. Meneja mmoja Mgiriki alipokuja na gari lake kutaka shoka la zama za Mjerumani la kutundika ukutani, Fundi alimwuliza litakata nini huko ukutani. Meneja akasema halitakata kitu. Fundi akaingia ndani, akamtolea maiti mmoja aliyepakwa mafuta vizuri, na wote wawili wakaagana kwa furaha.

La pili ni maji. Kila mteja aliyechukua shoka aliambiwa neno moja: "Usilitie maji." Maana wakati wa kaskazi, jua linapokausha kila kitu, mpini hulegea, na kila uani palikuwa na ndoo ambamo shoka lililala, mti uvimbe, kichwa kikaze. Baba zetu walifanya hivyo. Fundi alisema mti ukivimba ndani ya chuma hauna pa kwenda, unajiponda wenyewe, na ukikauka unakuwa mdogo kuliko mwanzo. Kesho unautia maji tena, na keshokutwa tena, mpaka siku unayoutia maji unatia makapi. Aliyetaka shoka lake likazwe alipaswa kulirudisha kwake, naye angegonga kabari nyingine, ile ya mbao inayopigiliwa juu ya mpini kuupanua. Alifanya bila kinyongo. Lakini kulirudisha kulikuwa na mahubiri yake, na mume wangu hakupenda mahubiri.

Mimi ndiye niliyekwenda kulichukua shoka la mume wangu kwa Fundi. Aliniambia kwa mdomo wake, nami nikasikia kwa masikio yangu. Kaskazi ilipoingia, shoka likaanza kucheza, na mume wangu akasema, "Litie ndooni." Nikalitia. Kila jioni, kichwa chini, mpini juu, kwenye ndoo ya bati iliyokaa karibu na mlango. Asubuhi alilitoa likiwa limekaza, akalipiga piga kwa kiganja, akaenda nalo. Ilikuwa kazi ndogo tu, kama kufunika chungu.

Siku ya msiba shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alilitupa lile shoka kwenye shimo la choo, kichwa na mpini, kwa hasira. Mimi nilikaa chini ukumbini nikitazama vifungo vya shati la mtu. Vilikuwa vitano, kimoja si cha rangi yake. Sikulia siku ile, wala wiki ile. Wanawake walisema nimejikaza. Sikujikaza hata kidogo. Moyoni palikuwa pamekufa ganzi, basi.

Ndipo Fundi akaja. Watu walimpisha. Alisimama mbele ya wanaume wote, mashemeji na mwalimu wa kanisa na wenzake mume wangu wa shambani, akasema, "Mpini niliutia mimi." Hakuongeza neno. Kisha akageuza macho, akaitazama ile ndoo pale mlangoni, akaitazama kwa muda, akatoka.

Nikajua kwamba anajua. Mtu yule asiyekubali hata wembe wa randa amekuja kukubali kifo cha mtu mbele ya watu, na macho yake yakaenda kwenye ndoo yangu. Nikasema moyoni, ameona, na ameamua kunisitiri. Nilikuwa na watoto wawili, na mama mkwe ambaye angewapeleka kwao milimani, Lushoto, siku ile ile kama angesikia kwamba ni mimi. Niliupokea wema wa Fundi kama mtu anavyopokea kikombe cha chai msibani, bila hata kuangalia nani amempa.

Baada ya hapo Fundi aliacha kutia mipini. Zana alikwenda kuzitafuta vile vile, ukwaju ulinuka vile vile, vyuma vilianikwa mkekani. Lakini mteja akija, alipewa kichwa kitupu kimemeremeta. "Mpini katie kwengine," alisema. Watu wana uvivu, hawapendi kwenda kwa mafundi wawili. Polepole wakaanza kununua mashoka mapya ya dukani, yale aliyoyaita ya bati, na uani kwake vichwa vikarundikana bila wenyewe. Waliopita walisema hivyo ndivyo ilivyo, mtu akiua, mkono humkataa.

Kupitia ufa wa ukuta nilimwona akifanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Alichonga mpini wa mpera, akautia kwenye shoka, akapigilia kabari, akalipiga kwenye gogo mara nyingi, kisha akaung'oa mpini, akautazama ndani na nje, akautupa. Siku nyingine akachonga mwingine. Nilijiambia kwamba hataki mkono wake usahau kazi. Nilikuwa na maelezo kwa kila kitu.

Tuliendelea kuazimana kishoka. Tuliendelea kugombana juu ya kuku. Sikuona kwamba amekonda, au niliona nikasema ni uzee. Mwaka wa tano walihama, yeye na dada yake, wakaenda Ushongo kwenye kiwanja cha mama yao. Alipokuja kuaga alinipa kinoo kizuri cha kunolea, akaniambia nikitumie kwa mafuta, si kwa mate. Nilishukuru, nikafunga mlango, nikaendelea kuchambua mchele.

Kisha mama mkwe akafariki. Sababu yangu ya kunyamaza ikafa naye, na nikakaa mwaka mzima mwingine nikinyamaza bila sababu. Hilo siwezi kulieleza. Kitu kilichonitoa mwishowe kilikuwa kidogo: kijana wangu mkubwa, aliyekwisha kuanza kazi, alisema mezani kwamba akikutana na yule mzee aliyemuua baba yake hatamwamkia. Nikamtazama akila. Kesho yake nikapanda gari la Pangani.

Nikalala Pangani, alfajiri nikavuka mto kwa kivuko, nikatembea mpaka Ushongo. Nilimkuta asubuhi, amekaa kwenye kivuli cha nyumba, miguu imenyooshwa, anasugua tezo kwa makumbi. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Alinijua kwa sauti.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Yohana. Umekuja kuazima nini?"

"Nimekuja kukwambia jambo la lile shoka la Baba Yohana."

Akaendelea kusugua. "Sema."

"Nililitia maji. Kila jioni. Uliniambia nisilitie, nikalitia."

Mkono ukasimama. Akaliweka tezo chini polepole, akajifuta vidole kwenye msuli aliojifunga kiunoni. Halafu akaanza kuniuliza, kwa sauti ile ile aliyowaulizia wateja.

"Maji ya kisima?"

"Ya kisima."

"Kwenye nini?"

"Ndoo ya bati."

"Limezama lote?"

"Kichwa na shingo ya mpini."

"Siku ngapi?"

"Tangu kaskazi ilipoingia. Miezi miwili, inazidi."

"Kila siku ya Mungu?"

"Kila siku. Hata Jumapili."

Midomo yake ilikuwa ikienda, anapiga hesabu ya mti na chuma. "Miezi miwili," akasema. "Hapana kabari ya mtu yeyote ingeshika."

"Lakini ulikuwa unajua," nikamwambia. "Siku ya msiba uliitazama ndoo."

"Ndoo gani?"

"Iliyokuwa mlangoni. Uliposema mpini ni wako, uliitazama."

Akafikiri. "Nilikuwa na kiu," akasema. "Nilitoka juani, na hapana aliyenipa maji. Niliona haya kuomba."

Nikakaa chini mchangani, mbele yake.

"Ningejuaje, Mama Yohana? Shoka hamkuniletea. Nilimwomba shemeji yako nilione tu, nitie kidole tunduni, akaniambia limetupwa. Nikatia mipini, nikang'oa. Nikadhani ni mpera, nikatia mkwaju. Nikadhani ni kabari. Nikadhani nimechonga shingo nyembamba." Akauinua mkono wake wa kulia mbele ya yale macho ya ukungu. "Mwisho nikasema ni huu."

Niliona haya, haya ya kweli, ya kuuma mwilini, na ndilo jambo la kwanza nililolisikia sawasawa tangu siku ile ya vifungo vitano. Miaka saba niliegemea wema wa mtu huyu, na wema wenyewe haukuwepo. Hakunisitiri. Aliamini tu kwamba ameua. Nilikaa upande wa pili wa ukuta nikimwona akitafuta kosa ambalo nilikuwa nalo mimi. Nikalia hapo hapo, kwa sauti mbaya, na yeye akaniacha nilie, hakuniambia nyamaza.

Nilipomaliza, akaita, "Dada! Hebu njoo usikie."

Dada yake akatoka jikoni, unga mikononi.

"Mwambie," Fundi akaniambia.

Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa chini kwenye kizingiti. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Mtu mmoja alikuwa anapita na mundu begani, akielekea kwenye minazi. Akatoa salamu.

"Simama kidogo," Fundi akamwambia. "Mama Yohana, mwambie na huyu."

"Huyu hanijui, Fundi. Wala hakumjua mume wangu."

"Mwambie."

Nikamwambia yule mtu nisiyemjua kwamba nililitia shoka maji, likamuua mume wangu, na mpini wa Fundi haukuwa na kosa. Yule mtu akasema pole, bila kujua ampe nani pole hiyo. Akaenda zake.

Fundi alikuwa ameshika ukuta, anainuka. Magoti yalilia. "Gari la kurudi Tanga lipo?" akauliza.

"Lipo la mchana. Tukiwahi kivuko."

"Dada, kanzu yangu i wapi?"

"Unakwenda wapi na macho hayo?" dada yake akamwuliza.

"Mabawa. Na Chumbageni, kwa yule seremala." Akaingia ndani akipapasa mlango, na nilimsikia akifungua sanduku. "Tutaanza kwa shemeji yako, Mama Yohana. Halafu mwanao. Halafu nyumba kwa nyumba. Mimi nitabisha hodi, wewe utasema."

Nikajifuta uso kwa kanga, nikamwambia sawa.